Sakafu ya Mama

Aliyeanguka alikuwa mama mkwe, ila aliyenufaika na kuanguka kule alikuwa mkaza mwana.

Mama mkwe aliteleza uani asubuhi moja ya mvua, akitoka chooni, akakaa kitako kwenye tope kama mgeni aliyekaribishwa kiti. Hakuvunjika kitu. Alikung'uta mikono, akauliza kama kuna mtu amemwona, na alipojibiwa kwamba ameonekana, akasema basi, ardhi nayo siku hizi haina adabu kwa wazee. Mkaza mwana wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Dobi kwa sababu ya kazi yake, alimwinua, akamwogesha, akambadilisha nguo. Kisha akarudi kwenye kamba zake na kukuta shuka tatu za nyumba ya wageni zimeburuza pindo kwenye tope lile lile. Akalia. Tusidanganyane: alilia kwa ajili ya shuka.

Mumewe aliporudi kutoka kinu cha unga, alikokuwa akipima magunia, nyusi bado nyeupe, alikuta maneno yamekwisha kupangwa.

"Mama ameanguka uani."

"Ameumia?"

"Safari hii hapana. Safari ijayo je?"

Mume akavuta kiti. "Sasa tufanyeje?"

"Tumwage zege. Ua wote, kutoka mlango wa jikoni mpaka chooni."

Kwa miaka miwili Dobi alikuwa akiomba sakafu ile kwa ajili ya kazi yake, na kwa miaka miwili mumewe alikuwa akimjibu kwamba hakuna nguo iliyowahi kufa kwa tope. Jioni ile hakujibu hivyo. Alimpigia simu dada yake, aliyekuwa akiishi ng'ambo ya pili ya mji na mwenye kazi nzuri benki, na baada ya siku mbili dada akatuma nusu ya gharama na ujumbe mfupi: *Kwa ajili ya mama yetu.* Dobi aliusoma ujumbe ule mara mbili. Kuna kitu kilimchoma kidogo, kama pini iliyosahauliwa kwenye kola ya shati. Akairudisha simu kwa mwenyewe, akaendelea kukunja nguo za watu.

Mama mkwe aliulizwa. Asije akasema mtu kwamba hakuulizwa.

"Mama," Dobi alimwambia, akimsogelea kitandani, "tunataka kukuwekea sakafu uani. Hutakanyaga tope tena."

Mama alikuwa hajaona kitu kwa miaka saba. Hata hivyo, mtu akizungumza naye aligeuza uso kumwelekea, kwa heshima, kama anayemwona vizuri tu. "Ua wote?" aliuliza.

"Ua wote, Mama. Si utafurahi?"

Mama alichezesha vidole vya miguu kwenye mkeka, taratibu, kimoja baada ya kingine. "Mkipenda nyie, mie sina neno."

Wakachukua kwamba amekubali.

Fundi waliyempata alijulikana kwa jina la Pimamaji, kwa sababu hakuonekana popote bila kile kijiti chake cha kupimia usawa, chenye kiputo cha hewa katikati. Walisema alikwenda nacho hata harusini, akakiweka juu ya meza ya maharusi kabla ya kula, na meza ikaaibika. Alikuwa mtu mwembamba, mkali kwa vibarua, mpole kwa saruji.

Dobi alimwonyesha daftari. Alikuwa ameuchora ua mzima kwa penseli: urefu kamba moja na nusu ya nguo, upana kamba moja, nguzo za kuanikia hapa, beseni kubwa hapa, bomba hapa, mfereji wa maji ya sabuni kule ukutani.

"Nani amekuchorea hii?" fundi aliuliza.

"Mwenyewe."

"Umekosa kazi, shemeji. Ulitakiwa kuwa injinia." Akapima kwa futi yake, meta saba kwa tano, akapiga hesabu kwa midomo. "Unene sentimita kumi, usipungue. Mifuko ishirini na miwili. Mteremko tunaupeleka ukutani, kidogo tu, macho yasiuone ila maji yauone. Juu nipitishe ufagio zege likiwa bichi, ishike mikwaruzo?"

"Mikwaruzo ya nini? Inashika uchafu. Nataka iwe laini, sawasawa kote, shuka ikianguka niiokote kama ilivyoanguka."

"Laini inateleza ikilowa."

"Basi iwe laini isiyoteleza."

Fundi akamtazama. "Nitaisugua kwa ubao, itakuwa hivyo. Lakini si mmesema sakafu ni ya mama?"

"Ni ya mama."

"Mama ndiye anayefua?"

Dobi alicheka, akamwambia mafundi wa siku hizi wana maneno kuliko mchanga. Lakini kicheko kilipokwisha alijikuta anatazama dirisha la chumba cha mama mkwe, na dirisha lilikuwa wazi.

Vibarua walianza kwa kuondoa kila kilichokuwapo. Walizoa kokoto za pembeni mwa bomba, wakang'oa mawe bapa yaliyopangwa siku nyingi katikati ya ua, wakachimba kichuguu cha udongo kilichokuwa mbele ya choo, wakashindilia mpaka ua ukawa bapa kama kiganja. Toroli la kifusi lilipita chini ya dirisha mara kumi na tano.

"Wanatoa nini?" Mama aliuliza kutoka ndani.

"Takataka tu, Mama," Dobi alijibu.

Zege lilimwagwa kwa siku moja, kwani zege halimngoji mtu anywe chai. Pimamaji alipiga magoti juu ya vipande vya mbao na kurudi kinyumenyume, akisugua, akiweka kijiti chake, akiguna, akisugua tena. Alipofika ukutani alisimama kwa shida, mgongo umegoma, akatazama alichokifanya. "Hii," alisema, "ndiyo kazi yangu bora tangu nianze kushika mwiko." Wala hakuwa anajisifu bure. Maji yalimiminwa na yakaenda ukutani yenyewe, bila kuelekezwa.

Kisha ikabidi kungoja. Siku saba sakafu ilifunikwa magunia matupu kutoka kinuni, ikinyweshwa maji asubuhi na jioni, na hakuna aliyeruhusiwa kuikanyaga. Wenye macho waliomba choo kwa jirani. Mama alipewa ndoo yenye kifuniko, ikawekwa chumbani nyuma ya pazia, na Dobi ndiye aliyeitoa. Mara ya kwanza Mama alishika ukingo wa ndoo kana kwamba wangeibeba pamoja.

"Niachie, Mama. Mimi mikono yangu imezoea uchafu wa watu."

"Ndiyo," Mama alisema. "Wa watu." Halafu akaachia. "Siku saba ni siku saba, si mwaka."

Siku ya Jumapili wifi alikuja kuiona sakafu aliyoilipia nusu. Alivaa viatu vya kisigino, akatembea navyo juu ya zege, ko, ko, ko, akasifu. Hakuwa mtu mbaya, wifi yule. Alikuwa na haraka tu, na watu wenye haraka hupenda vitu vilivyokwisha. Aliweka kiti karibu na mlango, akatoa simu apige picha.

"Mama, njoo! Tembea kwenye sakafu yako!"

Mama alitoka jikoni bila viatu. Kwa miaka saba alikuwa akitoka mlango ule peke yake, anakwenda chooni, ananawa bombani, anarudi; na kwa kuwa alikwenda vizuri, hakuna aliyewahi kujiuliza anakwendaje. Alikanyaga zege, akatabasamu kwa ajili ya watu. Akapiga hatua nne, tano, sita. Ya saba ilikuwa fupi. Ya nane ilikwenda pembeni kidogo. Halafu akasimama katikati ya ua, mikono imelegea, uso umeelekea ukuta ambao haukuwa na kitu.

"Mama, mbona umesimama?" mwanawe aliuliza.

"Naota jua."

Wakacheka. Wifi akapiga picha. Siku hiyo kulikuwa na wingu tangu alfajiri.

Walirudi kwenye mazungumzo yao. Dobi alikuwa akimimina chai, na kila alipoinua macho alimkuta Mama palepale. Alipomaliza kujaza kikombe cha nne aliona mguu mmoja wa Mama ukipapasa mbele, ukirudi, ukipapasa nyuma, ukirudi, kama mtu anayetafuta ndala chini ya kitanda. Kisha miguu yote miwili ikabanana. Kijito chembamba kikatoka chini ya gauni, kikafuata mteremko mpaka ukutani, sawasawa kama fundi alivyoahidi.

Wifi alishusha simu. Mume akageuka kutazama kitu kingine. Dobi ndiye aliyekwenda, akamshika Mama mkono, na mkono ulikuwa wa baridi.

"Nilikuwa nimekaribia," Mama alisema kwa sauti ya chini. "Si nilikuwa nimekaribia?"

Alikuwa amekipa choo kisogo.

"Ulikuwa umekaribia sana, Mama," Dobi alisema.

Tangu siku hiyo kila mtu alikuwa na dawa. Mume alisema Mama ahesabu hatua. Wakahesabu: kumi na nane. Lakini hatua za mzee za asubuhi, magoti yakiwa yamekaza, si hatua zake za mchana, na siku ya tatu hatua hizo kumi na nane zilimfikisha kwenye kamba ya nguo, shuka mbichi ikamfunika uso, akabaki anapambana nayo. Mume akaleta kamba ifungwe toka mlangoni hadi chooni.

"Anayefungwa kamba ni mbuzi," Mama alisema, na likaisha hilo.

Ikabaki kumwita Dobi. "Mwanangu!" Dobi alitoa mikono majini, akaikausha, akampeleka, akasimama nje ya mlango wa choo akitazama angani, akamrudisha. Hakunung'unika hata mara moja. Alijua kuuma meno.

Wiki ya pili sauti ile ilianza kupungua. Mara nne kwa siku zikawa tatu, zikawa mbili, ikawa moja. Dobi alifurahi. Alisema labda mwili wa Mama umetulia. Kazi ilikwenda vizuri. Shuka zilianguka zikaokotwa safi, na nyumba ya wageni ya pili ilikuwa imeanza kumletea mzigo.

Dobi aliyajua madoa kama mwalimu anavyojua miandiko. Damu, kutu, mafuta ya kupikia, mafuta ya nywele, rangi ya midomo isiyo ya mke. Alhamisi alipokusanya nguo za kufua za nyumbani mwake alikuta kitambaa kimefinyangwa chini ya kitanda cha Mama, kizito kwa maji. Akakinusa. Ilikuwa chai ya maziwa. Chini yake kulikuwa na kingine kilichokauka, kigumu kama ganda, nacho cha chai. Cha tatu kilikuwa kimeshikamana na mkeka.

Akakaa kitandani na vile vitambaa mapajani.

"Mama, chai hunywi?"

"Nakunywa."

"Mama."

Mama alilamba midomo. Midomo yake ilikuwa imepasuka, na Dobi, aliyemwona kila siku, alikuwa hajaiona.

"Nikinywa nitataka kutoka," Mama alisema mwishowe. "Nikitaka kutoka itabidi nikuite."

"Si uniite tu!"

"Ile siku ya kwanza nilikuita mara ngapi?"

"Mara tano," Dobi alisema.

"Ulikuwa unahesabu."

Hakulisema kwa ubaya, na ndiyo maana liliuma. Dobi alitamani atukanwe. Aliona haya mpaka masikio yakawaka.

"Zamani ulikuwa unakwendaje, Mama?"

Mama akanyoosha mguu mmoja mbele, kana kwamba njia ilikuwa pale juu ya mkeka. "Nikitoka mlangoni udongo mgumu. Halafu kokoto, nikizisikia najua bomba liko kushoto kwangu. Halafu mawe, moja, la pili, la tatu lina ufa. Baada ya la tatu ardhi inapanda kidogo. Ikipanda nimefika. Sasa nikitoka nakanyaga kitu kimoja tu, mwanangu. Mbele ndiyo hicho hicho, nyuma ndiyo hicho hicho."

"Mbona hukusema?"

"Mliniuliza kama nitafurahi. Natembeaje hamkuniuliza." Akaurudisha mguu. "Na wewe ulikuwa unaihitaji. Nilisikia pale dirishani."

Jioni Dobi alimweleza mumewe, na mumewe akampigia dada yake, na dada yake, kama kawaida ya wenye haraka, akaja na jibu kabla ya swali kwisha. Mama atahamia kwake. Ghorofa ya tatu, choo ndani, hatua tano tu kutoka kitandani. Atakuja na teksi Jumamosi asubuhi.

"Hata ngazi hatahangaika nazo," mume alisema. "Hatakuwa na haja ya kushuka."

"Kabisa?"

"Ashuke aende wapi?"

Ukweli usemwe: moyo wa Dobi uliruka kwa furaha kabla haujapata haya. Hakuna kuitwa, hakuna kukausha mikono, sakafu yote yake. Alibaki na furaha ile kidogo, kama mtu aliyeokota pochi barabarani na bado anamwona mwenyewe akienda.

Mama alipoambiwa aligeuza uso kumwelekea mwanawe. "Mkipenda nyie," alisema, "mie sina neno."

Mume alishusha pumzi. Dobi alizitazama nyayo za Mama. Vidole vilikuwa vinacheza juu ya mkeka, taratibu, kimoja baada ya kingine.

Ijumaa alikwenda kwa Pimamaji.

"Nataka uje ukate njia, fundi. Upana hatua moja, kutoka mlangoni. Utoe zege, urudishe kokoto na mawe."

Fundi alimsikiliza mpaka mwisho, kofia mkononi. "Kokoto tulizimwaga shimoni kule bondeni. Zipo. Mawe yapo." Akakuna kichwa. "Lakini mimi, shemeji, ile sakafu siwezi kuipiga. Nimepeleka watu watatu wakaione kupitia juu ya ukuta wenu. Mwambie mtu mwingine."

"Sina mtu mwingine."

Alivaa kofia, akaivua. Kisha akaingia ndani, akatoka na nyundo kubwa ya kuvunjia mawe, ya mpini mrefu. "Kaa nayo. Usiniambie utaanzia wapi."

Jumamosi asubuhi mume aliamshwa na mshindo. Alipotoka uani alimkuta mkewe na gauni la kufulia limefungwa kibwebwe, nyundo imeinuliwa. Fundi alikuwa amefanya kazi ya kweli: pigo la kwanza lilimrudishia nyundo nusura imwangushe, la pili likaacha alama nyeupe, la tatu likatoa kipande kidogo kisichozidi kifuniko cha soda.

"Una wazimu?" mume alipiga kelele. "Hata mwezi haujaisha! Unajua mifuko ile niliipataje?"

"Najua."

"Na shuka zako? Vumbi lote hili, kokoto hizo, tope litarudi, kazi utafanyia wapi?"

"Pembeni."

Vichwa vilikuwa vimeanza kuchomoza juu ya ukuta. Teksi ilisimama nje, na wifi akaingia kwa mlango wa mbele, akapita sebuleni alikomkuta Mama amekaa na furushi lake miguuni, akatokea jikoni. Akaduwaa mlangoni.

"Kuna nini?"

"Muulize wifi yako," mume alisema.

Dobi aliishusha nyundo. Jasho lilimwingia machoni, na mbele ya majirani, mbele ya mumewe na mbele ya aliyetoa nusu ya hela, alisema lile ambalo mwezi mzima alikuwa akilikunja na kulificha chini ya mengine. "Hela yako ulitoa kwa ajili ya mama. Mimi nilikuwa nataka sakafu ya kufulia. Miaka miwili naitaka. Mama alipoanguka nikasema ni ya Mama."

"Kwa hiyo ulinidanganya."

"Nilikudanganya. Nitakulipa. Lakini Mama asiondoke kwa sababu ya sakafu yangu."

Wifi alimgeukia kaka yake. Kaka yake alikuwa anatazama viatu vyake. Huko juu ya ukuta mtu mmoja alikohoa, mwingine akamnyamazisha. Nje dereva wa teksi akapiga honi.

Nyuma ya wifi kukasikika mkono ukipapasa ukuta. Mama alikuwa amesimama mlangoni bila viatu na bila furushi. Wifi alimpisha, akanyoosha mkono amshike kiwiko, na Mama akakitoa kiwiko kwa upole.

"Nani anavunja?"

"Mimi, Mama," Dobi alisema.

"Unavunja wapi?"

"Nimeanzia mbele ya mlango. Nataka iende moja kwa moja mpaka chooni."

Mama alishuka kizingiti. Alipapasa kwa mguu mpaka akakuta pale palipomong'oka, akapasugua kwa kisigino, akageuza kichwa upande mmoja, kisha mwingine. Alichukua muda wake. Hakuna aliyemharakisha, hata wifi.

"Moja kwa moja sijawahi kwenda," alisema. "Ungeniuliza. Sogea kushoto."

Dobi akasogea.

"Bado. Ongeza."

Dobi akaongeza hatua. Nyundo ilikuwa nzito na viganja vilikuwa vimeanza kutoa malengelenge.

"Hapo," Mama alisema. "Piga."